Mieleka ya ukumbi mdogo: tukisema "feki" tunamaanisha nini hasa?

Kila nikimwambia mtu wa nyumbani kwamba Jumamosi nilikua kwenye mieleka jibu ni moja tu, we mtu mzima na akili zako unatoa hela kwenda kuangalia watu wanaigizana? Siwalaumu. Sisi tumekulia vibanda umiza, mieleka kwetu ilikua Undertaker kwenye TV ya inchi 21 na ubishi wa darasa zima kwamba yule jamaa kafa kweli au hajafa, halafu siku moja akaja kaka wa mtu akatwambia yote ni feki, basi, utoto ukaishia hapo. Na tangu siku ile wengi wamebaki na hilo neno moja, feki, hawajawahi kurudi kulikagua.

Mi nakaa karibu na Philadelphia, na huu mji kwa mieleka midogo ni kama Manzese kwa ngumi. Kuna jengo kule kusini mwa mji, kona ya Swanson na Ritner, enzi hizo watu wakichezea bingo, ndo humo kampuni ya mieleka ya ECW walifanya fujo zao kuanzia 1993 mpaka kampuni ikafilisika 2001. Mieleka midogo ninayoisema ni ile ambayo promota kakodi ukumbi wa maveterani au jimu ya shule, viti vya kukunja mia mbili mia tatu, hotdogi zinauzwa mlangoni, mechi saba nane kuanzia saa moja usiku na saa nne mshatoka. Ukikaa mstari wa mbele jasho linakurukia mdomoni. Kwenye TV kamera inaficha mengi, ila mita mbili kutoka ulingoni hamna kinachofichika, na humo ndo nimejifunza kutenganisha la kweli na la kupangwa.

"Hamna anayeumia, ule ulingo ni godoro"

Hili ndo naanza nalo maana ndo linaniudhi kuliko yote. Chini ya lile turubai kuna fremu ya chuma, juu ya chuma kuna mbao, juu ya mbao kuna sponji jembamba, ukilibonyeza kwa kidole unagusa mbao. Godoro gani hilo? Nilishawahi kupanda baada ya shoo, promota aliruhusu watoto wapande nami nikajifanya nashika mtoto, nikapiga goti kidogo tu kujaribu, kesho yake nachechemea kazini.

Kudondoka kwenyewe wanakuita bampu na ndo somo la kwanza la chuo cha mieleka, mtu anakaa wiki na wiki anajifunza kudondoka tu, kidevu kibane kifuani, mgongo wa juu utue bapa, mikono ipige chini kwa pamoja, pumzi itoke. Maumivu yapo pale pale, wanachofanya ni kuyatawanya mgongo mzima ili yasikusanyike shingoni. Kamba nazo watu wanadhani ni kamba za katani, nyingi ni waya wa chuma umevalishwa mpira, mwanafunzi mgeni akizikimbilia siku nzima analala hawezi kugeuka, mbavu zimevilia damu. Na yale makofi ya kifuani ya kiganja wazi, yale hayana ujanja, kofi ni kofi, ukiwa mstari wa mbele unaona kifua kinaanza chekundu, kinaenda zambarau, mechi ikiisha kuna michoro ya vidole.

Mitsuharu Misawa wa Japani, mmoja kati ya wakubwa kabisa waliowahi kupanda ulingoni, alifariki Hiroshima tarehe 13 Juni 2009, miaka 46, baada ya kubebwa na kutupwa chini kwa mgongo, pigo ambalo alishalichukua maishani mwake mara zisizohesabika. Mshindi alikua wa kupangwa, sawa. Shingo ilikua yake.

Ndo maana kuna ishara ya refa, akikunja mikono juu ikawa X maana yake huyu kaumia kweli, leteni daktari (ingawa siku hizi kuna wahuni wanaiingiza hata hiyo kwenye stori, sasa mtu unabaki umesimama hujui ushike kichwa au ucheke).

"Damu ni tomato"

Damu ni damu. Kuna kipande cha wembe kimefichwa kwenye bandeji ya mkononi, mtu anajilaza kifudifudi kama kazimia, anajichana paji la uso, jasho linamalizia kazi. Mi mwenyewe siipendi hii kitu na shoo zenye damu nyingi siendi. Na hatari yake siyo kovu tu, mwaka 2014 mahakama ya Ontario kule Kanada ilimpa mwanamieleka mmoja fidia ya zaidi ya dola milioni 2 baada ya kukubali kwamba aliambukizwa homa ya ini aina ya C kwa wembe wa mwenzake.

"Wamekariri kila kitu kama maigizo ya shule"

Hapa sasa ndo patamu.

Kinachopangwa ni mshindi, namna mechi itakavyoisha, muda, na mapigo makubwa mawili matatu ambayo mkikosana mtu anavunjika. Katikati humo wengi wanapika pale pale. Siku nyingine ukiona mmoja kamkaba mwenzake kichwa kwapani na wametulia, angalia midomo, wanaongea, mkubwa anamwambia mdogo kinachofuata. Refa naye siyo pambo, yeye ndo posta, akiinama kukagua bega anapeleka ujumbe, zimebaki dakika tatu, au punguza, mwenzako goti limechezea. Nilikaa upande wa kamera siku moja nikamsikia kabisa refa anamuuliza mtu uko sawa? akajibiwa kwa kubanwa kidole.

Na anayeongoza usukani kwa kiasi kikubwa ni nyie mliokaa. Kuna shoo moja walimleta kijana mmoja mnene hivi, mpole, kaja kama adui wa kupigwa dakika tano ili steringi ang'are. Sasa sijui ni ile miwani yake, sijui ni vile alivyosalimia watoto kabla hajakumbuka kwamba yeye ni mbaya, ukumbi ukampenda. Kila akipigwa watu wanapiga miguu chini, kila akinyanyuka kelele. Steringi akaanza kuzomewa, na ungemuona usoni anavyopiga hesabu, akasogea, akamshika yule kijana shingo, wakanong'ona, refa akainama. Kuanzia hapo mechi ikageuka, steringi akaanza kuvuta nywele, akatema mate chini, akamtukana bibi mmoja wa mstari wa pili, yaani kajitwisha uadui mwenyewe ndani ya nusu dakika, na yule mnene akapewa dakika kama nne za kushambulia ambazo nina uhakika hazikuwepo kwenye mpango. Mwisho akapigwa kama ilivyopangwa. Sisi tulikulia na steringi hafi, siku ile steringi kashinda na ukumbi mzima umenuna, na nikwambie kitu, tiketi za shoo iliyofuata ziliisha mapema.

Ukinambia hiyo ni tamthilia ya kukariri nakukatalia. Labda kama taarab, wimbo upo lakini anayejua atarudia beti ngapi ni wale wanaotunza.

"Mashabiki wa kule wanadanganywa, hawajui"

Mwaka 1989 WWF wenyewe, ile kampuni kubwa ya mieleka ya kwenye TV ambayo leo inaitwa WWE, waliiambia Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba hii ni burudani, siyo mashindano halisi. Walisema kwa sababu ya hela, mchezo ukiwa wa mashindano unaangukia mikononi mwa kamisheni ya michezo na kuna leseni na kodi zake, ukiwa burudani unapumua. Kabla ya hapo ilikua siri inalindwa kufa na kupona, wenyewe wanaiita keifebu, adui na steringi walikua hawapandi gari moja wasije wakaonekana pamoja.

Kwa iyo siri ina zaidi ya miaka 30 iko nje. Watu wanajua. Yule bibi aliyetukanwa anajua kuliko mimi na wewe, anakuja kila mwezi, ana kiti chake, na anatingisha ngumi kwa moyo wote.

"Wale ni matajiri"

Labda wawili watatu wa kwenye TV. Mwanamieleka chipukizi wa ukumbi mdogo akipewa hela ya mafuta anashukuru, wanajazana watano kwenye gari moja wanaendesha saa sita saba, wanacheza dakika kumi, wanarudi usiku ule ule maana Jumatatu kuna kazi. Pesa iko mezani wakati wa mapumziko, tisheti, picha za kusaini, piga selfi weka kumi. Ukitaka kumsaidia mtu nunua tisheti, tiketi ni ya promota. Na kabla ya shoo ni wao hao hao, hasa wanafunzi, wanaoshusha zile mbao na vyuma kwenye lori na kufunga ulingo, na usiku wanaufungua.

Ila mara moja moja inalipa. Tarehe 1 Septemba 2018 wanamieleka Cody Rhodes na ndugu wawili wanaoitwa Young Bucks walichanga hela zao wakaandaa shoo karibu na Chicago, viti zaidi ya 10,000, tiketi ziliisha kama ndani ya nusu saa. Miezi minne baadaye ikatangazwa kampuni mpya ya mieleka, AEW.

"Kama wangekua wazuri wangekua WWE"

Februari 2002, jimu ya mtaa hapa Philadelphia, shoo ya kwanza kabisa ya Ring of Honor, kampuni ya mieleka midogo, kwenye mechi ya mwisho kulikua na kijana anaitwa Bryan Danielson. Aprili 2014 huyo huyo alifunga WrestleMania, shoo kubwa kuliko zote ya WWE, kule New Orleans na mkanda mkononi, dunia nzima inamjua kama Daniel Bryan. CM Punk na Samoa Joe nao walipita njia hiyo hiyo. Tuendelee.

"Kamala alikua Mganda"

Hili ni letu, na wazee wengi bado wanalishikilia. Kamala alikua mwanamieleka wa WWF, jitu kubwa, miguu peku, usoni rangi, tumboni kachorwa nyota na mwezi, mkuki mkononi, anapiga tumbo lake mwenyewe, mtangazaji anasema katoka Uganda na alikua mlinzi wa Idi Amin. Ndo huyo aliyepambana na Undertaker Wembley, London, Agosti 1992. Sasa mwenye mwili wake anaitwa James Harris, kazaliwa 1950 Senatobia, Mississippi, dereva wa lori, na huo Uganda wote ulipikwa Memphis mwaka 1982 na mapromota waliotaka adui wa kutisha. Alifariki Agosti 2020. Ukilitazama leo linakera, msitu, mkuki, mtu mweusi asiyejua kuongea, na sisi huku tulikua tunashangilia "wa kwetu". Kwenye hii orodha yote, hapa ndo neno feki linakaa sawasawa.

Waganda wenyewe wa kweli wako Mukono. Soft Ground Wrestling, ya Daniel Bumba, maarufu kama Bumbash, ilisambaa mitandaoni 2023, vijana wa kiume na wa kike, ulingo wao ni udongo laini uliolowana, nguzo za mianzi pembeni. Hawakua na hela ya ulingo wa mbao na chuma wakaanza na walichonacho, na bampu wanazochukua pale kwenye tope ni zile zile za Philadelphia. Kwa iyo wewe unayeniuliza kwa nini nalipa hela kwenda kuangalia maigizo, huna haja ya viza, kutoka Kampala ni kilomita ishirini na kitu, panda takisi.