Kukata picha ya ukuta: nini kibaki, nini kitoke

Picha nyingi za kuta za Mji Mkongwe huwa na kila kitu: dirisha, waya wa umeme, baiskeli iliyoegeshwa, kipande cha baraza. Hiyo ni picha ya nyumba. Picha dhahania ya ukuta haimfanyi mtazamaji aulize ni mtaa gani; humwachia mistari, madoa na rangi basi. Kinachoibadilisha picha ya kwanza ikawa ya pili ni kukata.

Kukata ni kuondoa sehemu za pembeni, ama kwa kusogea karibu kabla ya kupiga, ama baadaye kwenye simu au kompyuta. Mpangilio ni namna vilivyobaki vinavyokaa ndani ya fremu. Kwa ukuta, hizo ni kazi moja. Ufa huwezi kuuhamisha. Unachohamisha ni kingo nne za picha.

Na kuta zetu zina mengi ya kuchagua. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupitisha unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini, chumvi hujitokeza, lipu huvimba na kuambuka, rangi ya zamani ikachungulia chini ya mpya. Palipozibwa kwa saruji unyevu hukosa pa kutokea, ukahamia pembeni, ndiyo maana kiraka cha kijivu mara nyingi huzungukwa na lipu iliyooza. Hasara kwa mwenye nyumba, lakini umbo zuri sana kwa mpiga picha.

Anza kuondoa vinavyotoa kipimo: kitasa, swichi, mita ya umeme. Vikitoka, mtu hajui tena kama doa lina upana wa kiganja au wa mlango. Mmarekani Aaron Siskind (1903–1991) alijulikana kwa picha za namna hii, za rangi iliyobanduka na mabango yaliyochanika, alizoanza kuzipiga miaka ya 1940. Ajabu ni kwamba nyingi alizipa jina la mahali na namba: mahali pasipoonekana pichani pakabaki kwenye jina.

Halafu tazama kingo. Kanga ina pindo linalofunga mji wake pande zote. Picha hii haina. Ufa ukitoka nje ya fremu, jicho huufuata. Ukiishia karibu na ukingo bila kuugusa, picha huonekana imekosewa. Kwa hiyo ukate kabisa, au uuachie nafasi ya kutosha.

Shika kamera sambamba na ukuta, la sivyo upande mmoja utaonekana wa mbali. Kivuli cha vichochoro kinafaa kwa rangi. Mikwaruzo na matuta yanataka jua la ubavuni, ambalo humo halikai.

Kukata kuna gharama. Picha ya pikseli (nukta ndogo zinazoiunda picha) 6000 kwa 4000 ina pikseli milioni 24. Ukibakisha nusu ya upana na nusu ya urefu, zinasalia milioni 6, yaani robo. Zuumu ya kidijitali ya simu nayo ni kukata kulekule, kwa hiyo sogea kwa miguu kwanza, na picha nzima usiifute.