Shilingi moja na kitanzi: mwizi wa Uingereza alivyokuwa anaponyoka

Watu wakisikia nasoma kesi za Uingereza za miaka ya 1300 wanadhani kutwa nzima nakutana na watu wananyongwa tu. Kitanzi kilikuwepo, sibishi, ila ukikaa na zile rekodi kinachokuchosha ni kaachiwa, kaachiwa, na huyu naye kaachiwa, mpaka unajiuliza walikuwa wanakamatana ili iweje.

Polisi hamna. Sheria ya Winchester ya 1285 iliwatwisha wenyeji mzigo wote: ukiibiwa unapiga yowe, anayesikia anatoka mbio kumfukuza mwizi, wasipompata eneo zima linalipa hasara. Hata vichaka kando ya barabara kuu ilibidi vifyekwe futi 200 kila upande, majambazi wasipate pa kujibanza.

Haya, mwizi kashikwa, kapelekwa mbele ya jopo la watu 12 wa hukohuko. Mali aliyoiba ikizidi peni 12 ni kunyongwa. Peni 12 ndo shilingi moja (enzi hizo hata sarafu yake haikuwepo, ilikuwa ya kuhesabia tu). Hapa ndo utamu ulipo, maana bei wanapanga haohao jopo. Wanakaa, wanakubali kweli jamaa kaiba, alafu wanatamka: peni 11! Kitu ambacho sokoni huwezi kukipata kwa hela hiyo kikifika mahakamani kimeporomoka bei ghafla, na sidhani kama kuna jaji aliyekuwa haelewi mchezo. Mimi siiti rushwa, ingawa rushwa nayo ilikuwepo. Walikuwa wanamjua mtu wao, njaa yake na watoto wake. Jambazi sugu au mgeni asiye na wa kumsemea, huyo hakupunguziwa bei.

Njia nyingine ilikuwa kujifanya mtu wa kanisa, kwa sababu makasisi walikabidhiwa kwa askofu na askofu hanyongi. Ushahidi wenyewe? Kusoma. Na kwa kawaida walipewa mstari uleule wa Zaburi ya 51, wa kuomba rehema, kwa hiyo asiyejua hata herufi moja anaukariri tu, anakodolea macho kitabu, anatiririka. Serikali ilikuja kushtuka baadaye, kuanzia 1489 asiye kasisi kweli akitumia ujanja huo anachomwa alama kwenye kidole gumba ili asiurudie.

Ila inayonikaa kichwani ni ya kukimbilia kanisani. Ukiingia hakuna wa kukutoa kwa siku 40, wanakijiji wanalinda mlango usiku na mchana huku wanakulaani, maana ukitoroka faini ni yao. Anakuja afisa wa mfalme, unakiri kosa, mali yako yote inachukuliwa, unaapa kuihama nchi. Anakupangia bandari, mara nyingi Dover, na idadi ya siku za kutembea. Unaondoka peku, kichwa wazi, msalaba wa mbao mkononi, na ukiiacha barabara kuu hata kidogo yeyote anaweza kukuua na asiulizwe. Ukifika Dover ukakuta hakuna meli, basi kila siku unaingia baharini mpaka magotini, na hayo maji yalivyo ya baridi, kuonyesha kwamba kweli unataka kwenda.