Balbu Kubwa Zaidi Haitakutoa Gizani

Wiki hii nimeisikia tena, mara mbili, kwa wateja wasiofahamiana: "Sebule ina giza, tutafutie balbu kubwa zaidi." Huyo wa pili alikuwa ameshanunua kochi la umbo la pekee na meza ya kioo ya kupendeza kweli, vyote vimekaa chini ya balbu moja nyeupe ya katikati ya dari, kama mizigo iliyozuiliwa forodhani.

Kwanza hilo neno "kubwa". Watu bado wanapima mwanga kwa wati, wakati wati ni umeme unaoliwa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi, na LED hutoa hizo hizo kwa wati 8 hadi 10. Kwa hiyo ukiniambia umenunua "ya wati 20" hujaniambia kitu. Geuza boksi, nisomee lumeni.

Ila hata lumeni zikizidi, giza halitoki, kwa sababu kosa ni pale taa ilipowekwa. Jicho hujirekebisha kufuatana na kitu kinachong'aa kuliko vyote mbele yake. Balbu iliyo wazi ikikuingia machoni, mboni inabana, na pembe za chumba zinaonekana nyeusi ingawa mwanga unazifikia. Unaweka balbu kali zaidi, mboni inabana zaidi. Nimeona watu wakibadilisha balbu mara tatu mfululizo, kila mara wakijiongezea lile lile wanalolikimbia.

Halafu kuna kivuli. Jikoni, meza ya kukatia mboga iko ukutani na taa iko mgongoni kwako, kwa hiyo unakatia ndani ya kivuli chako mwenyewe. Mbele ya kioo, taa ya juu ya utosi inakuchimbia mashimo chini ya macho, ukaanza kulaumu umri. Na umbali nao una hesabu zake: umbali ukiwa maradufu, mwanga unaofika unabaki robo. Taa ile ile ikisogezwa kutoka mita 2 hadi nusu mita, ukurasa unaousoma unapata mwanga mara 16. Ndiyo maana taa ndogo iliyo karibu na bega inaishinda balbu kali ya darini bila jasho.

Haya si mambo mapya. Mbunifu Poul Henningsen wa Denmark alianza katika miaka ya 1920 kupanga kofia za taa tabaka kwa tabaka ili jicho lisikutane na balbu, na taa yake ya PH 5 ya mwaka 1958 inafanya kazi hiyo hiyo mpaka leo: unaining'iniza chini kabisa juu ya meza na haimchomi mtu macho. Nchini Italia, ndugu wawili wabunifu, Achille na Pier Giacomo Castiglioni, walijiuliza namna ya kupata mwanga juu ya meza bila kutoboa dari. Jibu lao la mwaka 1962 ni taa ya Arco: upinde mrefu wa chuma cha pua uliochomekwa kwenye jiwe la marumaru la kilo 65 hivi. Jiwe hilo lina tundu. Wengi hudhani ni pambo, kumbe ni la kupitishia mpini wa ufagio, watu wawili waibebe kuihamisha. Kila ninaposikia kwamba ubunifu wa kisasa ni urembo mtupu, natamani nimshike mtu mkono nimpeleke kwenye lile tundu.

Basi ushauri wangu, ambao wateja wangu wameshauchoka: pesa ya taa kubwa ya katikati igawe kwa tatu. Moja pale unaposomea, moja ya chini pembeni, moja imulike ukuta. Ukuta wa rangi nyepesi ukimulikwa, wenyewe unageuka taa. Ongeza swichi ya kupunguza mwanga, lakini hakikisha balbu ya LED imeandikwa kwamba inakubali kupunguzwa, la sivyo itapepesa usiku kucha na utanipigia simu.

Kuna na misemo mingine ninayoisikia kwa wateja. "Mwanga mweupe ndio msafi." Msafi kwa lipi? Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na kelvini 6500 ni rangi ya mchana wenye mawingu. Sebuleni jioni weka 2700 au 3000. Angalia pia alama ya Ra, yaani jinsi mwanga unavyoonyesha rangi za vitu kwa uhalisi, na usishuke chini ya 90 kama una mbao nzuri. Nimewahi kuitwa kukagua meza "iliyopauka" ambayo haikuwa na ugonjwa wowote zaidi ya balbu ya bei rahisi.

"Chumba kidogo kinataka fanicha ndogo ndogo." Jaza stuli sita, kisha tafuta pa kupita. Kochi moja kubwa lenye miguu mirefu huacha sakafu ionekane.

"Plaiwudi ni mbao bandia." Hapa huwa inachanganywa na chipibodi, ile ya chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na nakasirika. Plaiwudi ni mbao kweli, tabaka zake zimepishanishwa ili moja ikitaka kutanuka, nyingine iizuie. Ubao mpana wa kipande kimoja ndio unaojikunja na kupasuka. Charles na Ray Eames, mume na mke wabunifu wa Marekani, walikunja plaiwudi kutengenezea vifaa vya kufungia miguu iliyovunjika kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani wakati wa Vita vya Pili, kabla ya viti vyao kupata sifa.

Na mwisho wale wanaokiangalia kiti cha umbo la ajabu na kusema hakikaliki. Kiti namba 14 cha fundi samani Michael Thonet cha mwaka 1859 kilikuwa vipande sita vya mbao iliyokunjwa kwa mvuke, skrubu kumi na nati mbili. Leo kinaitwa cha kawaida. Kiti cha mafundo cha mbunifu Marcel Wanders cha mwaka 1996 ni kamba iliyofumwa, ikaloweshwa resini, gundi inayokauka ngumu, na kuning'inizwa ikauke, na kinambeba mtu mzima. Kaa kwanza, kisha tuongee. Na ukija, njoo na futi ya kupimia: kutoka kiti hadi juu ya meza acha sentimita 28 hadi 30. Mteja mmoja alikikataa kiti changu cha plastiki kwa kuwa "kimekaa kama mchezo", akaagiza vizito vya mbao vya kuchonga, bila kupima. Mapaja hayaingii chini ya meza. Sasa familia nzima inakula imekaa upande.