Kwa nini kima punju wa Jozani wanakula makaa?

Ukimaliza kutembea kwenye msitu wa Jozani, Unguja, muongozaji wageni huwavusha barabara mpaka upande wa mashamba, maana huko ndiko kima punju wanakoonekana kwa karibu. Mara ya kwanza nilipofika nilimuona mmoja, mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimemsimama kipajini, akiteremka kutoka kwenye mwembe. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisiki kilichoungua, akabandua kipande cheusi, akaketi kukitafuna. Makaa. Niliporudi nyumbani niliwasimulia watu kwamba kima wa Jozani wana njaa kiasi cha kula makaa, na kwa miaka kadhaa niliendelea kuisimulia hivyo.

Haikuwa njaa. Makaa hayashibishi: kilichokuwa chakula ndani ya mti kimeshaungua, na kilichobaki ni kaboni ambayo tumbo haliwezi kuimeng'enya. Tena kima yule alikuwa ametoka kwenye mti uliojaa majani machanga. Na wanaokula makaa si wale wa msitu mzito, ni hawa wa mashambani, ambako kima wamebanana kwa wingi kuliko ndani ya hifadhi. (Wingi huo pekee hauthibitishi kwamba wananeemeka. Msitu ukikatwa, waliokuwamo husogea na kurundikana pale palipobaki miti.)

Nilipoiacha njaa nikashika chumvi. Wanyama wengi hulamba udongo kwa ajili ya madini, basi nikasema kima naye anafuata hayo. Lakini kuni ikiungua, madini yake mengi hubaki kwenye majivu, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kuona magadi ya majivu yakichujwa. Kima huyu anatafuta makaa yenyewe: kwenye visiki, kwenye tanuri za wachoma makaa, hata nje ya majiko ya watu.

Jibu limejificha karibu na jina lake. Punju ni sumu. Wazee wa Unguja walimwita hivyo kwa harufu yake, wakiamini kwamba mti anaokula hufa na mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Sumu ipo kweli kwenye habari hii, ila iko kwenye majani, na kima ndiye anayehangaika nayo.

Kima punju ni mla majani. Tumbo lake lina vyumba kadhaa, na cha mbele kimejaa vijidudu vinavyochachusha majani kabla hayajaendelea. Mashambani hupata majani ya mwembe na mkungu, miti iliyoletwa na watu, na majani hayo yana protini nyingi. Yana pia fenoli nyingi, yaani kemikali za mimea, zikiwamo tanini. Tanini unaijua hata kama hujawahi kulisikia jina: ndiyo ule ukakasi wa bibo au ndizi mbichi, ulimi unapokauka na kukwaruza. Hushikamana na protini. Mdomoni hushika protini za mate. Tumboni hushika protini za chakula, ukala kingi ukafaidi kidogo, na fenoli nyingine hudhuru mwili wenyewe.

Hapo ndipo makaa yanapofanya kazi yake, na kazi hiyo si kunyonya kama sifongo. Fikiria umepita kwenye kichaka cha kishona-nguo ukiwa umevaa kanga. Ukitoka, kanga imejaa vijiti vyeusi. Kanga haikuvimeza wala haikubadilika, vimenata tu juu yake. Sasa pita na kanga ile ile umeikunja ndogo kama leso kiganjani: vitanata vichache. Ipanue yote, vitanata vingi. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa uso ulio wazi, uzito wa kitambaa haujalishi.

Makaa ni kanga iliyopanuliwa ndani kwa ndani. Mti ukichomwa bila hewa ya kutosha, maji na gesi hutoka na kuacha vishimo visivyohesabika, vingine vidogo mno, na kuta za kila kishimo ni uso wa kunatia. Gramu moja ya makaa yanayoandaliwa kwa ajili ya hospitali ina uso unaopita mita za mraba 500, zaidi ya kiwanja cha mpira wa kikapu. Makaa ya tanuri hayafiki huko, lakini yana vishimo vya kutosha. Na kama vile kishona-nguo kinavyoshika kanga lakini kikateleza kwenye bati, makaa nayo hayashiki kila kitu. Fenoli hunata vizuri sana. Chuma na pombe karibu havinati kabisa, na ndiyo maana daktari hawapi makaa wote waliokunywa vitu vya hatari. Yale ya jikoni si dawa hata kidogo, na hata yale ya hospitali hunasa dawa nyingine ulizomeza.

Mwaka 1997 watafiti Thomas Struhsaker na David Cooney, pamoja na wenzao, walichapisha matokeo ya kuyapima makaa ya Zanzibar kwa maji yaliyochemshiwa majani ya mwembe na mkungu. Makaa yalizinasa fenoli, na yale ya tanuri za kienyeji yalifanya vizuri ajabu. Jaribio lilikuwa la maabara, si la ndani ya tumbo la kima, kwa hiyo ni ushahidi wenye nguvu usiofikia kuwa wa mwisho. Wala hauthibitishi kwamba kima anajitibu kwa kujua. Inaelekea zaidi ni mazoea ambayo mtoto huyapata kwa mama.

Kima hawa asili yao ni Unguja tu, na sensa iliyochapishwa 2019 iliwahesabu zaidi ya 5,800. Nilirudi Jozani nikakuta mama ameketi kwenye shina la mkungu na kipande cha makaa mkononi, mtoto wake amemng'ang'ania tumboni. Mtoto alimnusa mama mdomo. Chenga moja ikaanguka kwenye manyoya, akaiokota, akaitia kinywani.