Nondo wa viazi huanzia shambani, siyo ghalani

Mkulima akinipigia simu kuulizia dawa ya viazi mviringo vinavyotobolewa ghalani, nami humuuliza: baada ya kuvichimba, vililala wapi? Mara nyingi jibu ni shambani, vimefunikwa kwa majani yake yenyewe ili jua lisivichome. Hapo ndipo nondo alipovipata.

Nondo huyu, kwa jina la kitaalamu Phthorimaea operculella, asili yake ni Amerika Kusini. Ni mdogo, wa rangi ya kijivu, huruka jioni na usiku. Shambani viwavi wake hula ndani ya majani, na majani yakinyauka huteremkia kwenye viazi. Jike naye hupenyeza mayai kwenye nyufa za udongo au moja kwa moja kwenye macho ya kiazi. Kiwavi akianguliwa huingilia palepale jichoni, akiacha kinyesi cheusi kilichoshikana na nyuzi za hariri. Ukiona uchafu huo machoni, usihangaike kupulizia. Yeye yuko ndani, dawa iko nje. Kwenye joto la nyuzi 25 hivi, kizazi kizima hukamilika kwa takriban mwezi mmoja. Chini ya nyuzi 10 karibu anasimama, ndiyo maana ghala la baridi la nyanda za juu lina nafuu.

Kwa hiyo mimi huanzia shambani: pandishia matuta udongo wa kutosha, ziba nyufa, chimba viazi vikikomaa, vitoe siku hiyohiyo. Ghala lifagiliwe kabla, na magunia ya zamani yachemshwe, kwa sababu pupa, yaani kiwavi anayegeuka kuwa nondo, hujificha kwenye mikunjo.

Ndani ya ghala, majani makavu ya kichaka cha lantana yaliyopondwa, yakitandazwa chini na juu ya viazi, huwafukuza nondo wasitage. (Mifugo isiyale, ni sumu.) Kwa viazi vya mbegu, unga wenye bakteria Bacillus thuringiensis hufanya kazi nzuri, mradi upakwe mapema, kwani kiwavi lazima aule kabla hajazama. Mbegu pia zinaweza kukaa kwenye mwanga hafifu, lakini vya kula viwe gizani visije vikageuka kijani.

Chambua kila baada ya wiki mbili. Vilivyotobolewa vifukie kwenye shimo refu. Ukivitupa nyuma ya banda, nondo watatokea humo na kurudi ghalani.