Mbona Hamumchanji Mumewe?

“Daktari, pepopunda inawapata wanawake tu? Mume wake analima pekupeku, kila wiki anachomwa na mwiba au msumari. Mbona yeye hamumchanji?”

Aliyeuliza ni mama wa makamo aliyemleta mkaza mwanawe mjamzito kwenye zahanati moja huko bara ya Kilifi. Nami, niliyeshughulika na chanjo kwa miaka, nikamjibu kwamba chanjo hii ni salama na imeidhinishwa na Shirika la Afya Duniani. Akanitazama kidogo. “Mwanangu, hilo sikukuuliza.”

Huyo mama humkumbuka kila ninapoombwa nieleze kwa nini watu hawaamini chanjo. Wenzangu wengi husingizia ujinga, siku hizi mitandao. Ninavyoona mimi, mara nyingi swali liliulizwa mchana kweupe, sisi tukalipita, akatokea mwingine akalijibu apendavyo.

Machi 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walihoji kampeni ya chanjo ya pepopunda iliyowalenga wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mbona wanawake wa umri wa kuzaa peke yao? Mbona wanaume na wavulana wameachwa, ilhali nao huugua? Mbona jambo lenyewe halikutangazwa kwa kina? Ni maswali ya haki kabisa, na mwanafunzi wa uuguzi angeyajibu. Kufikia mwisho wa mwaka yalikuwa yamegeuka tuhuma kwamba chanjo imetiwa hCG, homoni ya ujauzito, ili kuwafunga wanawake uzazi. Wizara ya Afya ikakanusha, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakanusha. Aliyetaka kujua mbona mumewe hachanjwi akabaki palepale.

Jibu liko kwenye kitovu. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye mavi ya wanyama, kwa hiyo haviwezi kumalizwa duniani jinsi ndui ilivyomalizwa. Kitovu cha mtoto kikikatwa kwa wembe mchafu, au kikipakwa mavi ya ng’ombe, huingia. Siku chache baadaye mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri huacha ziwa. Taya hukaza, mgongo hupinda kama upinde, na ukimgusa tu au mlango ukijifunga kwa kishindo, mwili mzima hukakamaa. Asipotibiwa, ni nadra apone. Na kumchanja mwenyewe hatuwahi, maana dozi yake ya kwanza huja akiwa na wiki 6. Lazima azaliwe tayari na kinga, na kinga hiyo hupita kwenye kondo la nyuma kutoka damu ya mama. Baba hana njia ya kumpitishia. Wavulana nao hawakuachwa: wao na dada zao huchanjwa pepopunda katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ndani ya chanjo ya pentavalenti, sindano moja inayokinga magonjwa matano. Mkulima aliyekanyaga msumari ataambiwa achomwe sindano akienda kusafishwa kidonda.

Na dozi nyingi za nini? Ya kwanza huuzindua mwili tu. Ya pili, baada ya wiki 4, hukinga kwa miaka michache. Ya tatu, baada ya miezi 6, huongeza hadi kama miaka 5. Zikifuata mbili zaidi, kila moja baada ya mwaka, mama amekingwa kwa umri wake wote wa kuzaa. Asiyeambiwa haya, akiitwa mara tatu, mara nne, kwa nini asishuku?

Penye hCG tulijiharibia zaidi. Wapo wataalamu waliosema kitu kama hicho hakijawahi kuwapo. Kimewahi. Watafiti wa India waliunganisha kipande cha hCG na sumu ya pepopunda iliyopoozwa, ileile iliyomo kwenye chanjo ya pepopunda, wakitafuta chanjo ya kuzuia mimba, na matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Mtu akiyakuta mwenyewe baada ya kuambiwa ni uzushi, atakuamini kwa lipi tena? Ilikuwa heri kumwambia yote: ile ilikuwa dawa nyingine, walioipata walijua wanajaribu kinga ya mimba, nguvu yake ilififia baada ya miezi na walioacha wakashika mimba. Haikuwahi kuwa chanjo ya pepopunda ya zahanati. Hata vile vipimo vya maabara vilivyotajwa sana, vilivyodaiwa kukuta hCG ndani ya chanjo, vilihitaji maelezo mafupi tu: mashine za hospitali zimetengenezewa damu na mkojo wa binadamu. Ukizitilia chanjo, yenye aluminiamu na dawa ya kuihifadhi, majibu yake hayategemeki.

Maneno nayo hutuponza. Mwaka 2019 chanjo ya malaria RTS,S ilipoanza kutolewa katika sehemu za Kenya, Ghana na Malawi, ilisemwa sana kuwa ni “chanjo ya majaribio”. Mzazi akisikia hivyo anamwona mwanawe amekuwa panya wa maabara. Kumbe utafiti wenyewe ulikuwa umeshafanywa kwa maelfu ya watoto katika nchi 7 za Afrika, hapa Kilifi pakiwemo. Kilichoanza ni kuitoa hatua kwa hatua na kuifuatilia katika kliniki za kawaida. Sisi tulioandika taarifa ndio tuliolichagua neno hilo, si mwandishi wa habari.

Kwa yule mama nilianza upya. Nikamweleza habari za wembe na kitovu, na za damu ya mama. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa, kisha akauliza kama mkono utauma. Nikamwambia utauma, siku mbili tatu, huenda ukavimba kidogo, na pengine homa ndogo usiku.

Akamgeukia mkaza mwanawe. “Basi kesho maji nitateka mimi.”