Kasoro ya ufizi kwenye jino la kupandikiza ni nini?

Jino la kupandikiza huanzia kwenye skrubu ya chuma kiitwacho titani iliyozamishwa katika mfupa wa taya, na juu yake hufungwa taji, ile sehemu inayoonekana mtu anapocheka. Kasoro tunayoizungumzia ni kupungua kwa nyama ya ufizi inayolizunguka jino hilo. Pengine ufizi umejivuta, taji likaonekana refu kuliko meno jirani. Pengine haujasogea, ila ni mwembamba kiasi kwamba ukijivu wa chuma unapenya. Ufizi ukitoa usaha, au mfupa ukiwa unaliwa kwa sababu ya maambukizi, huo ni ugonjwa mwingine na lazima utibiwe kwanza.

Ili kuelewa matibabu, linganisha na jino la asili. Mzizi wake una nyuzi za kolajeni, protini inayoipa tishu uimara, zilizojichomeka ndani yake na kuushika ufizi kwa nguvu. Titani haichomekeki. Nyuzi huizunguka tu, kama kola inavyozunguka shingo. Isitoshe, kati ya mzizi na mfupa kuna utando wenye mishipa ya damu unaosaidia kuulisha ufizi, na skrubu haina utando huo. Ndiyo maana kuuvuta ufizi peke yake mara nyingi hakutoshi. Panahitajika unene.

Unene huo kwa kawaida hutoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe. Daktari hupiga ganzi, hukata kipande chembamba cha tishu kwenye kaakaa au nyuma ya gego la mwisho la juu, hukilaza juu ya sehemu iliyo wazi, kisha huusogeza ufizi ukifunike na kuushona. Siku za mwanzo kipande hicho hakina mishipa yake. Huishi kwa majimaji yanayopenya kutoka tishu za jirani mpaka mishipa mipya ikifikie. Kikitikisika, kinaweza kufa, ndiyo sababu mgonjwa huambiwa asipitishe mswaki hapo kwa takriban wiki mbili. Sigara nayo huibana mishipa hiyo, na kwangu mimi kuiacha ni sehemu ya matibabu yenyewe, wala si ushauri wa pembeni. Zipo pia karatasi za kolajeni za wanyama zinazomwepusha mgonjwa na kidonda cha kaakaa, ingawa tishu ya mtu mwenyewe bado ndiyo hutegemewa zaidi kufunika palipo wazi.

Lakini swali zito ni hili: skrubu imekaa wapi? Mwaka 2019 mtaalamu wa ufizi Giovanni Zucchelli na wenzake walichapisha mgawanyo wa kasoro hizi kwa jino moja la mbele, wenye madaraja manne. La kwanza, ufizi uko mahali pake ila ni mwembamba. La pili, ufizi umejivuta lakini taji halijatokeza mbele ya mstari wa meno jirani. La tatu, taji limetokeza mbele ya mstari huo, skrubu haijatokeza. La nne, skrubu yenyewe imetokeza kuelekea mdomo. Kwa madaraja ya juu mara nyingi taji hutolewa kwanza, ufizi ukapewa nafasi ya kukua, na taji jipya hutengenezwa baada ya miezi kadhaa. Katika daraja la nne, wakati mwingine uamuzi wa kweli ni kuing'oa skrubu na kuanza upya, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kushonwa mara ya kwanza.